Ile Sentensi Uliyoandika Juu ya Mzee wa Maboti

Mwanangu Anesia,

Salamu sikuandikii, maana tumeamka nyumba moja na jioni tutakula sahani moja. Niko huku Kibirizi, nimekalia ndoo niliyoipindua, dagaa wa asubuhi nimeshawageuza na mvua haina dalili. Wewe uko nyumbani unapanga begi. Kesho treni inakuchukua kwenda Dodoma. Kalamu nimeazima kwa binti wa mizani, na karatasi nimechana kwenye daftari lako la zamani la jiografia. Usikasirike, nimechana katikati ambako hukuandika kitu.

Unajua kuandika si kazi yangu. Shule niliiacha darasa la tano kule kwetu ng'ambo ya ziwa, na Kiswahili cha kuandika nilikipata kambini, chini ya turubai, kwenye darasa la watu wazima ambalo wengi tulikwenda ili tupate pa kukaa kivulini. Lakini kusema kumenishinda. Kila nikilianza jambo hili kwa mdomo wewe unawaka, mimi nachoka, tunaishia kununiana. Karatasi haitajibu, na mimi sitakuwepo uso wako ukibadilika.

Mambo ya kula, ya kuvaa na ya wanaume nimeyaruka. Shangazi yako ameshayasema yote, na mengine ameyasema hadi hata mimi nikaona haya kwa niaba yako. Langu ni moja tu, ile sentensi.

Niiweke hapa jinsi ulivyonisomea, tusije tukapishana. Kwenye ukurasa wa yule mzee wa Ujiji mwenye maboti, katika kamusi elezo ya mtandaoni ambayo kila mtu anaruhusiwa kuongeza neno, uliandika kwamba miaka ya vita alipokea nauli za wakimbizi kisha akawatupa kwenye mawe, na baadhi yao wakafa. Jina lake silitaji humu. Unalijua, na karatasi huanguka njiani.

Hao "baadhi yao" ni bibi yako, ambaye jina lake unalo wewe. Kwa hiyo naelewa kwa nini hukusita kuandika. Na sentensi hiyo hukuiokota barabarani. Mimi ndiye niliyekupa, kidogo kidogo, tangu ulipokuwa unakaa mapajani kwangu nikikusuka.

Basi nirudie tena habari ile, lakini leo nitaisema polepole, kama mtu anayeulizwa na polisi.

Tulipanda boti upande wa kwetu, bibi yako na mimi, pamoja na watu ambao wengi wao sikuwajua. Bibi yako alikuwa na kifua kibovu, anahema kama amebeba mzigo. Tuliambiwa tunapelekwa Kigoma mjini. Kabla hakujapambazuka dereva alizima mashine, akasema tumefika, shukeni haraka, askari wa doria wako karibu. Tukashuka kwenye mawe, maji yakitufika kiunoni. Kulipokucha hatukuona mji. Palikuwa na mlima, na nyani wakitutazama. Tukaanza kutembea kuelekea kusini. Bibi yako alikuwa akikaa anainuka, anakaa anainuka, mpaka akakaa asiinuke. Watu wa Mwamgongo walitupa jembe, na mama mmoja ambaye hata jina sikumuuliza alivua kitenge chake cha juu tumfunikie.

Hayo niliyaona kwa macho yangu.

Sasa sikiliza ambayo sikuyaona. Mwenye boti sikumwona. Dereva nilimsikia sauti tu, ilikuwa ya kijana, naye alivaa kofia. Ubavuni mwa boti palikuwa na mstari mweupe, niliuona tochi ya mtu ilipopita. Basi. Jina la mwenye boti nilipewa kambini, kwenye foleni ya maji, na aliyenipa alikuwa amepewa na mwingine. Niliposikia kwamba boti za mzee yule zina mstari mweupe, nikafunga shauri. Miaka ikapita, baba yako akanioa nikatoka kambini, nikaja kuanika dagaa hapa Kibirizi, nikaona kwamba nusu ya boti za ziwa hili zina mstari mweupe. Niliona, nikanyamaza. Hadithi ilikuwa imeshakaa, na kulitoa humo jina la mzee kulikuwa kama kumwambia bibi yako kwamba amekufa bila mtu wa kulaumiwa.

Unakumbuka ile Jumamosi niliyokuletea mwavuli kwenye ukumbi wa parokia, mnapokutana na Mwalimu Mushi kuandika mambo ya Kigoma mtandaoni. Nilisimama mlangoni mkiwa mmeshaanza kubishana, maana Mwalimu alikuwa ameifuta sentensi yako. Mwalimu aliinuka akaniamkia, shikamoo mama, kama watu wa kwao Kilimanjaro walivyo na adabu wakitaka, kisha akarudi kwako. Wewe ulikuwa umesimama. Ulimwuliza kama kazi yake ni kulinda matajiri hata mtandaoni.

"Silindi tajiri," akasema. "Ungemwandika mama yako hivyo ningefuta vilevile. Mtu yuko hai, ana watoto, ana jina. Jambo la kumchafua halikai ukurasani likisubiri ushahidi. Linatoka kwanza. Ushahidi ukija, linarudi."

"Ushahidi si huyo hapo mlangoni, ameshika mwavuli," ukasema.

Wote wakageuka kunitazama. Mwanangu, nimebeba magunia mazito maishani mwangu, lakini macho yale yalikuwa mazito zaidi. Mwalimu hakunidharau. Alisema mama ana haki ya kusimulia, lakini asimulie kwa mtu ambaye kazi yake ni kuuliza: amuulize yeye, awaulize na wengine waliopanda boti ile, ampe na mzee nafasi ya kujibu, kisha achapishe mahali ambapo kuna mhariri wa kuulizwa akikosea. Hapo ndipo ninyi mtachukua kutoka kwake. Kijana mmoja pale nyuma akasema mpaka hapo Anesia atakuwa ana wajukuu. Mkacheka, na wewe ulicheka kidogo, nilikuona.

Ndipo ukatoa simu ukamwonyesha tovuti moja ya habari za Ujiji, ya kijana mmoja rafiki yako. Ukasema chanzo hiki hapa. Mwalimu akasoma, akakurudishia simu taratibu. Akasema, "Anesia, hii ni sentensi yako. Jamaa ameikuta kwetu kabla sijaifuta, akaipeleka kwake, na wewe unaitoa kwake unaileta kwetu."

Njiani ulilia. Ulisema, "Mama, wametufuta." Neno hilo nimelala nalo tangu siku ile, maana lina ukweli ndani yake. Habari zetu hakuna aliyeziandika wakati ule. Walioandika waliandika idadi, mahema na mahindi. Hakuna gazeti lililokuja Mwamgongo kuuliza yule mama mgonjwa alikuwa nani. Sasa watu wanasema bila chapisho hakuna neno, na sisi machapisho hatukuwa nayo. Hilo ni jambo la kuuma, na sitakuambia haliumi.

Lakini juzi uliirudisha sentensi ile, ukaweka tovuti ya yule kijana kuwa ndiyo chanzo. Kisha ukaniomba jambo jingine. Ukasema, mama, nikurekodi kabla sijaondoka, utaje jina lake, niweke sauti yako kwenye tovuti ya rafiki yangu, halafu niiunganishe pale. Nikasema nitafikiri. Nimefikiri. Barua hii ndiyo jibu, lakini nivumilie, jibu langu halina njia fupi.

Kwanza Mama Shamsa. Unamjua kama mwenye dagaa ninaowaanika. Labda hujui, au hukutaka kujua, kwamba yule mzee ni baba yake mzazi. Wiki iliyopita alikuja mchana, hakuuliza dagaa, hakuuliza kama mvua ya juzi iliharibu. Akakaa juu ya gunia karibu yangu, akanipa simu.

"Dada, nisomee. Macho yangu leo yanakataa."

Macho yake ni mazima. Alitaka tu neno lile lipite kwenye mdomo wa mtu mwingine, aone kama lina sura ileile. Ilikuwa ile tovuti ya Ujiji. Nikasoma sentensi yako kwa sauti yangu, mwanangu, mbele ya binti wa mtu yule, kituo kwa kituo. Nilipomaliza akaichukua simu yake. Halafu akasema baba yake ni mzee sana sasa, anaswali kisha anasahau kama ameswali, anaswali tena. Akaniuliza, "Huyu aliyeandika anamjua baba?"

Nikainama kugeuza dagaa. Kule kwenye vichanja vya pili wale akina mama wa Kibirizi walikuwa wameshapata habari, unawajua. Mmoja akapaza sauti kama anaongea na dagaa, akasema leo tunaanika wa boti ya kutupa watu, tuwageuze vizuri wasije nao wakatupwa. Wengine wakacheka. Mama Shamsa akajifunga kanga yake upya, akainuka, akanilipa na ya siku iliyobaki, akaenda zake.

Nikuambie ukweli, kwanza niliogopa kazi. Nilijiona nikitafuta mtu mwingine wa kunipa dagaa, kwa mgongo huu. Sitajifanya kwamba huruma ndiyo iliyotangulia. Hofu ya kazi ilipopita, ndipo nikamkumbuka mjomba wako Zakaria.

Wewe unamkumbuka kama mzee mkimya aliyekuwa anakukatia miwa na kukutolea nyuzi. Kuna jambo hatukukuambia. Mjomba wako tulimlilia akiwa hai.

Mimi nilipofika kambini yeye alikuwa amebaki ng'ambo kuangalia ng'ombe. Mkewe na watoto walikuja mbele. Miezi ikapita hakuna habari. Kisha akaja mwanamume mmoja wa mlimani kwetu, akasema Zakaria ameuawa. Hatukumwamini. Akaja mwingine, kwa boti nyingine, akasema hivyohivyo. Tukaanza kuyumba. Akaja wa tatu, mwanamke mtu mzima, mcha Mungu, hana sababu ya kusema uongo, naye akasema. Watu wa kwetu wakasema sasa imetosha, watu hawa hawakupanda boti moja, hawakukaa hema moja, wote wanasema neno moja. Na mimi nilikuwa wa kwanza kukubali. Nilikuwa nimechoka kungoja. Hilo nakuambia kwa sababu hutalisikia kwa mtu mwingine: kungoja habari kunachosha kuliko msiba wenyewe, na mtu aliyechoka anakubali habari yoyote iliyo kamili.

Tukaweka matanga. Ukizika bila mwili, kwetu unafanya yote kana kwamba mwili upo, maana marehemu asije akakaa mlangoni. Nguo zake chache alizokuja nazo mkewe tukazigawa. Watoto wakapewa baba mdogo. Siku ya kuanua matanga wazee wakamwambia mkewe yuko huru, asizeeke kwenye hema. Mwaka uliofuata akaolewa na fundi baiskeli, mtu mzuri tu.

Halafu Zakaria akaja. Alikuja kwa miguu, jioni, amekonda, kashika dumu la maji lililokatwa mdomo. Akasimama mbele ya hema langu. Mimi nilipiga yowe nikakimbilia ndani. Akaniambia kwa lugha yetu, "Ni jewe." Ni mimi. Akarudia. Nilikaa ndani muda mrefu sana kabla sijatoka, na hakuna siku ninayoionea aibu zaidi ya hiyo.

Akauliza mkewe yuko wapi. Tukamwambia. Hakupiga mtu, hakushtaki. Alikwenda siku moja akamsalimia fundi baiskeli, wakazungumza habari za mvua, akarudi. Lakini kambini watu hawana pa kuweka aibu yao, wanaigeuza mzaha. Wakamwita Marehemu. Marehemu amekuja kuchota maji. Mpisheni Marehemu, ametoka mbali. Marehemu, huko ulikotoka mahindi wanagawa lini? Na yeye alikuwa anacheka nao. Wewe unadhani alikuwa mkimya kwa kuzaliwa.

Mimi nilianza kufuatilia. Nikamtafuta yule wa kwanza nikamuuliza, ulimwona ndugu yangu akiuawa? Akasema hapana, nilisikia pale tulipopokelewa, kwa mama mmoja aliyekuwa akisimulia. Wa pili, hivyohivyo. Yule mcha Mungu naye, hivyohivyo, kwa mama yuleyule. Boti tatu, mdomo mmoja. Nikamtafuta yule mama. Nikampata kwenye foleni ya sabuni, ana mtoto mgongoni. Nikamuuliza. Akafikiri, akasema, "Mimi niliona baiskeli yake. Askari alikuwa anaiendesha." Basi. Aliona baiskeli. Mtu alipomuuliza mwenyewe yuko wapi, akasema atakuwa ameuawa huyo. Aliyesikia akapunguza maneno, akabakiza ameuawa.

Hakuna aliyedanganya, Anesia. Hilo ndilo linalonichosha mpaka leo. Ningempata mwongo mmoja ningemchukia nikalala.

Na upo mwisho wake. Mjomba wako alipokufa kweli, wewe ulikuwa umeanza shule, tulipeleka habari kambini na kwa watu wa kwetu waliotawanyika. Walikuja wachache. Mzee mmoja akasema bila ubaya, huyu si tulishamlilia. Ndiyo maana uliona kaburi lina watu wa kuhesabika, ukaniuliza, nikakuambia ni kwa sababu ya mvua.

Sasa hivi nikiandika, boti imetia nanga pale chini na watu wapya wanashuka, maana kule kwetu kumechafuka tena. Wanakaa kwenye mchanga na mafurushi yao, na kabla hawajapata hata uji wameshaanza kupeana. Fulani ameuawa. Fulani ndiye aliyewachoma wenzake. Fulani alikula nauli. Nawasikia, na lugha yao naielewa kila neno. Mengine yatakuwa kweli. Lakini naona jinsi yanavyotoka kwenye mdomo huu yakiwa na labda, na yanafika mdomo wa tatu hayana tena.

Baada ya Mama Shamsa kuondoka siku ile sikukaa vizuri. Kwa hiyo juzi, ulipokuwa unaniaga unakwenda kuchukua tiketi, mimi nilikwenda Ujiji. Sikukuambia. Nilibeba dagaa wazuri kidogo, nikajifanya nimetumwa. Mzee nilimkuta barazani kwake, amekaa kwenye mkeka, mjukuu anamsomea kitu. Nikamwamkia. Akaitika, akasikia matamshi yangu, akasema wewe ni mtu wa ng'ambo. Nikasema ndiyo. Akanikaribisha chai. Nikaona nikinywa nitashindwa kuuliza, nikauliza kwanza.

Nikamwambia, mzee, mwaka ule wa vita nililetwa na boti yenye mstari mweupe. Tukashushwa kabla ya Mwamgongo, kwenye mawe. Mama yangu akafa mlimani. Watu wanasema ilikuwa boti yako.

Mjukuu akaacha kusoma. Mzee alinitazama, au alitazama upande wangu, sijui anaona kiasi gani. Akasema mwaka ule kila mwenye boti alibeba watu na yeye alibeba, hakatai. Alikuwa na madereva, wengine aliwafukuza, wengine wamekufa. Kisha akapapasa mkeka kama anayetafuta kitu, nikadhani amesahau kama alivyosema binti yake. Halafu akasema:

"Mawe yale boti yangu haikufika. Lakini mama, hata kama ingefika, ningekuambia hivyohivyo."

Nikanywa chai. Akanipa pole ya mama yangu, akataka kujua jina lake. Nikamwambia Anesia. Akalitamka. Nikaondoka, na njia nzima kutoka Ujiji nilikuwa nalipindua jibu lake upande huu na upande ule kama dagaa ambaye hakauki. Neno lake halitoshi kumsafisha. Neno langu halitoshi kumfunga. Yeye mwenyewe anajua hivyo, ndiyo maana alisema vile, au alisema vile kwa sababu ni mjanja sana. Vyote viwili vinawezekana na mimi sina pa kwenda kuuliza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ukishaisoma barua hii, kabla treni haijaondoka kesho, mtandao ukiwepo, futa sentensi ile wewe mwenyewe. Usimwachie Mwalimu Mushi aifute tena, maana akifuta yeye utaendelea kusema wametufuta. Na yule kijana wa tovuti mpigie, ni rafiki yako, mwambie ilitoka kwako na wewe huna pa kuisimamishia. Atakucheka. Acha acheke. Ya Mama Shamsa niachie mimi, nitajua namna ya kumwambia kwamba aliyeandika ni binti yangu. Huenda nikakosa kazi. Hiyo si juu yako, ni juu ya mdomo wangu wa miaka yote hii.

Ukitaka kunirekodi, nirekodi leo baada ya kula. Ipeleke huko chuoni, Mwalimu anasema wapo watu wanaokusanya habari za miaka ile, wanaouliza huku na huku kabla ya kuchapisha. Watafute. Wakichelewa, wachelewe. Nitawaambia boti, mashine iliyozimwa, mawe, nyani, bibi yako alivyokuwa akikaa na kuinuka, na kitenge cha yule mama wa Mwamgongo. Wakiniuliza sauti ya dereva nitasema ilikuwa ya kijana. Wakiniuliza boti ilikuwa ya nani, nitasema sijui.

Hapo kwenye sijui nimesimama kuandika, nimekwenda kugeuza dagaa, nimerudi. Neno hilo ni gumu kuliko yote yaliyo juu. Kwa sababu, mwanangu, sitakudanganya siku ya mwisho: mimi bado naamini ni yeye. Naamini nikiwa naanika, naamini nikiwa kanisani. Chai yake haikuniondolea imani hiyo. Lakini mama yule wa kwenye foleni ya sabuni naye aliamini, na aliona zaidi yangu, maana yeye aliona baiskeli mchana kweupe.

Dagaa wa pili wamefika, naitwa. Mimi mzigo wangu nimeshauzoea, wewe usipande nao treni.

Ipo siku sitakuwepo, na wewe utakuwa msomi, na mtu atakuja na kinasa sauti akuulize mama yako alikuwa akisema nini juu ya yule mzee. Usimwambie niliamini nini. Mwambie mama hakujua.

Mama yako,
Kibirizi.